Kidepo haifuati mvua za Ntinda: chagua mwezi kabla ya kukodi gari

Mwezi wa Novemba, mtaa wa Ntinda jijini Kampala unapolowa kwa mvua za vuli na waendesha boda boda wakajibanza barazani mwa maduka, nyasi za Bonde la Narus katika hifadhi ya Kidepo, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Kampala kuelekea kaskazini mashariki, huwa zimeanza kugeuka manjano. Mwezi wa Julai mambo hugeuka. Kampala hupumzika na mvua, wakati kule Karamoja, mkoa iliko Kidepo, ndiyo kwanza mvua imekolea, mito ya mchanga inashuka na maji, na gari dogo linaweza kulala kwenye tope jeusi hadi asubuhi. Nchi ni moja, lakini kalenda za mvua ni mbili. Msafiri asiyelijua hilo huipanga safari ya Kidepo kwa kutazama mawingu yaliyo juu ya paa lake, akafika huko na kukuta kinyume cha alichotarajia.

Kila likizo ya shule inapokaribia, swali huwa hilohilo katika familia, ofisi na vikundi vya marafiki wanaochangishana nauli: twende lini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba msimu mzuri huanza Septemba na kwisha Machi. Jibu hilo si la uongo, ila linaficha mengi. Septemba na Februari huko Kidepo hazifanani hata kidogo: majani, maji, barabara, wanyama na hata maisha ya wenyeji ni tofauti. Mtu anayetaka kumwona simba juu ya jiwe, anayetaka ndege, na anayetaka kupanda mlima kuwatembelea watu wa jamii ya Waik hawapaswi kusafiri mwezi mmoja. Nasema wazi tangu mwanzo: katika nchi kame, kuchagua mwezi ni kuchagua utakachokiona, na uamuzi huo una uzito kuliko aina ya gari au hadhi ya hoteli.

Kwa nini mvua zetu hazifanani

Kampala iko karibu sana na ikweta. Jua la utosi hupita juu yake mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata. Ndiyo maana tuna masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Septemba hadi Novemba, na katikati yake vipindi viwili vya ukavu. Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo iko karibu nyuzi 4 kaskazini mwa ikweta. Ukanda wa mvua unapopanda kuelekea Sudan na Ethiopia na kurudi, misimu miwili ya mvua huku kwetu huungana kule ikawa mmoja: huanza kama Aprili, hupungua kidogo Juni, hukolea Julai na Agosti, kisha hufifia kufikia Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Machi ukanda huo umehamia kusini, na Karamoja hubaki na upepo mkavu wa kaskazini mashariki.

Kuna sababu nyingine inayoifanya sehemu hiyo iwe kame. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pamebaki ujia mpana wa ardhi ya chini, na upepo unaopita hapo hubanwa ukaongeza kasi. Mwaka 1982 wataalamu wa hali ya hewa J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo, ambao leo unajulikana kwa jina la Turkana. Hewa hiyo hupita kwa haraka bila kupanda juu na kuwa mawingu mazito, na ardhi iliyo chini yake hunyimwa mvua. Lodwar, mji mkuu wa Turkana, hupata milimita 200 hivi kwa mwaka. Kwa kipimo cha wataalamu, mahali panapopata chini ya milimita 250 ni jangwa halisi.

Uganda haina jangwa la namna hiyo. Kidepo ni nchi kame, jirani ya jangwa. Hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 1,442 ina mabonde mawili. Bonde la Narus, lililo kusini magharibi, hupata wastani wa milimita 890 za mvua kwa mwaka. Bonde la Kidepo, lililo kaskazini mashariki kuelekea Sudan Kusini, hupata kama milimita 640. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu kwa mgeni. Narus hubaki na madimbwi na mabwawa hata kiangazi kinapokaza. Mto Kidepo hukauka kabisa, ukabaki njia pana ya mchanga mweupe iliyozungukwa na mivumo mirefu. Sehemu kubwa ya mwaka mtu hutembea juu ya mto huo kwa miguu mikavu.

Desemba hadi Machi: maji machache, wanyama wengi

Msimu huu ndio unaopendwa na wengi, na sababu yake ni maji. Bonde moja linapokauka, wanyama hukusanyika penye maji yaliyobaki. Nyati hushuka Narus kwa makundi ya mamia kwa mamia, na nyuma yao huja simba. Tembo, punda milia, kongoni, pofu na twiga huonekana kwenye uwanda uleule kwa mtazamo mmoja, kwa kuwa nyasi zimeliwa au zimeungua na hakuna pa kujificha. Mgeni aliyelala kambi ya Apoka, yalipo makao makuu ya hifadhi, anaweza kuona nyati na swala kutoka hapo alipo kabla hata gari halijawashwa.

Twiga hao wana historia yao. Ujangili wa miaka ya vita uliwapunguza hadi wakabaki wachache mno, na waliowahi kutembelea Kidepo miaka ya 1990 waliweza kuondoka bila kumwona hata mmoja. Mwaka 2018 Mamlaka ya Wanyamapori Uganda ilihamishia huko twiga 14 kutoka Murchison Falls ili kuongeza damu mpya. Leo idadi yao inapanda, na msimu wa kiangazi ndio unaomrahisishia mgeni kazi ya kuwaona.

Lakini kiangazi kina bei. Kufikia Februari joto la mchana linaweza kukaribia nyuzi 40 za Selsiasi, na upepo hubeba vumbi linaloingia machoni, mdomoni na kwenye kamera. Milima ya Morungole, inayopendeza sana angani kukiwa safi, hufichwa na ukungu wa vumbi na moshi wa mioto ya nyika. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni wanyama wenyewe hulala kivulini, na mgeni mwenye busara hufanya vivyo hivyo. Safari za kiangazi ni za alfajiri na za jioni. Mtu anayetaka kuzunguka mchana kutwa na watoto wadogo garini atawatesa bure.

Kiafya pia kiangazi kina masharti yake. Ukanda wa homa ya uti wa mgongo barani Afrika huanzia Senegal hadi Ethiopia na huigusa kaskazini mwa Uganda. Milipuko yake hufuata miezi mikavu yenye vumbi. Ipo chanjo, nayo inafaa kuulizwa kwa daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Msafiri wa mvua naye ana adui wake, mbu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2018 na 2019 uliiweka Karamoja juu ya mikoa yote ya Uganda kwa maambukizi. Chandarua na dawa za kinga si za kuachwa nyumbani.

Aprili hadi Septemba: hifadhi ya kijani

Mvua za kwanza zikipiga Aprili, nchi iliyokuwa rangi ya majivu hubadilika haraka sana. Migunga huchipua, maua hutoka ardhini palipoonekana pamekufa, hewa husafika na milima hujitokeza kwa ukamilifu wake. Wapigapicha wanaopenda mandhari, mawingu makubwa na mwanga wa jioni huona huu ndio wakati wa Kidepo. Hapo ndipo Bonde la Kidepo, ambalo kiangazi hubaki kimya, hupata uhai, na sehemu ya wanyama huitoka Narus na kutawanyika huko.

Hifadhi hii imeorodhesha aina karibu 475 za ndege, na wengi wao hupandana na kujenga viota mvua zinaponyesha, wakiwa wamevaa manyoya yao ya kupendeza zaidi. Mbuni, ndege mkubwa kuliko wote duniani, huonekana porini Uganda katika pembe hii ya nchi. Mtu wa ndege akisafiri Juni au Julai hatajuta. Akikawia hadi Desemba atakuta wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya, nao ni furaha nyingine.

Kasoro za msimu huu si za kufichwa. Nyasi hupanda hadi kumficha simba aliye hatua chache kutoka barabarani. Duma na simbamangu, ambao hata kiangazi huonekana kwa bahati, huwa kama hawapo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ukishalowa, hushika magurudumu, na gari lisilo na nguvu za magurudumu yote manne halina kazi huko. Njia ya kwenda Bonde la Kidepo na chemchemi za maji moto za Kananorok, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, inaweza kufungwa na mto ulioshuka ghafla.

Hapa nisisitize jambo ambalo wageni wa nchi kame hulidharau. Mto wa mchanga unaweza kujaa chini ya anga la buluu, kwa sababu mvua imenyesha milimani, mbali na macho ya aliye bondeni. Ardhi ngumu hainywi maji haraka, basi yote hushuka kwa pamoja. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla ya namna hiyo yaliua watu nchini Oman, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari katika eneo la Sharqiya. Iwapo watu waliozaliwa jangwani hushtukizwa, mgeni kutoka Kampala hana sababu ya kujiamini. Usipige hema juu ya mchanga wa mto, na usivuke maji yanayotembea usiyoyajua kina. Askari wa hifadhi akisema tusubiri, subiri.

Oktoba na Novemba: miezi iliyosahauliwa

Kati ya misimu hiyo miwili kuna kipindi kifupi ambacho kinastahili sifa kuliko kinavyopewa. Mvua zimefifia, barabara zinakauka, nchi bado ina kijani, vumbi halijaanza na joto halijafika kileleni. Nyasi bado ni ndefu, na wanyama bado wametawanyika kiasi, hivyo anayetaka idadi kubwa ya nyati atapaswa kuwa na subira. Lakini kwa mtu mzima asiyefungwa na ratiba ya shule, anayetaka kutembea kwa miguu na kupumua hewa safi, wiki za mwisho za Novemba zina mizani nzuri kuliko zote. Ajabu ni kwamba hizo ndizo wiki ambazo mkazi wa Ntinda, akiiona mvua dirishani, huahirisha safari.

Tahadhari moja inahitajika. Kuna miaka ambayo Bahari ya Hindi huchafua hesabu. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wetu wa bahari hiyo yalipata joto kupita kawaida, na mvua zikamwagika Afrika Mashariki nzima hadi Desemba. Kwa hiyo kalenda ninayoieleza ni ya wastani, na wastani haumvushi mtu mtoni. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, chenye makao yake Ngong nchini Kenya, hutoa utabiri wa kila msimu kwa nchi zote za pembe hii ya Afrika. Kuusoma mwezi mmoja kabla ya kulipia hoteli ni hekima.

Majangwa ya wenzetu

Tukitazama nje ya Uganda tunaona vizuri zaidi upekee wa Kidepo. Ndugu zetu Waswahili walioko Oman huenda kwenye michanga ya Sharqiya kati ya Oktoba na Machi. Huko hakuna anayebishana: joto la kiangazi hupita nyuzi 45, na kambi nyingi huona wageni wachache. Joto ndilo linaloamua. Miezi ya Juni hadi Septemba, watu wa Muscat hukimbilia Salalah, kusini kabisa, ambako pepo za kusi huleta manyunyu na milima ikawa kijani. Nchini Kenya, jangwa la Chalbi katika Marsabit ni sakafu ya ziwa la kale. Likikauka, gari hukimbia juu yake bila kutafuta barabara. Likinyeshewa hugeuka tope la chumvi lisilopitika, na msafiri wa kutoka Marsabit kwenda North Horr hulazimika kungoja. Pale mwamuzi ni hali ya ardhi.

Kidepo inaamuliwa na maji: yako wapi, na wanyama wameyafuata wapi. Ndiyo maana ushauri wa majangwa ya Uarabuni, wa kukimbia joto, haufai kuchukuliwa mzima. Januari na Februari ni miezi ya joto kali Kidepo, lakini pia ndiyo miezi ya wanyama. Anayekimbia joto hapa huwakimbia na simba.

Watu nao wana misimu

Makala nyingi za safari huishia kwa wanyama. Karamoja ina watu, na maisha yao yamefungwa na misimu hii kuliko ya mgeni yeyote. Mvua zikianza, wanawake hupanda mtama, na ng'ombe huwa karibu na manyata, basi maziwa hupatikana. Baada ya mavuno, kuanzia Septemba hivi, chakula kipo, na ni wakati wa ndoa, ngoma na kutembeleana. Kiangazi kikikaza, vijana huondoka na mifugo kutafuta maji na malisho, wazee na watoto wakabaki. Kisha huja miezi migumu ya kabla ya mavuno, takriban Machi hadi Julai, ghala zikiwa tupu. Mwaka 2022, baada ya ukame na wizi wa mifugo, tathmini ya kimataifa ya usalama wa chakula ilikadiria kuwa watu 518,000 wa Karamoja walikuwa katika hali ya dharura au karibu nayo.

Hakuna mfano unaofundisha zaidi kuhusu ubaya wa kuhukumu nchi kwa msimu mmoja kuliko ule wa Waik. Watu hawa wachache, wenye lugha yao wenyewe, wanaishi milima ya Morungole na Timu, juu ya Bonde la Kidepo. Bonde hilo lilikuwa sehemu ya ardhi yao ya kuwinda kabla halijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Katikati ya miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi kwao, njaa ikiwa imewakaba. Mwaka 1972 alichapisha kitabu kilichowasawiri kama watu wasio na upendo wala huruma hata kwa wazazi na watoto wao. Kitabu hicho kilisomwa dunia nzima, na jina la Waik likachafuka kwa miongo mingi.

Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Cathryn Townsend lilichapisha matokeo ya utafiti lililoufanya miongoni mwa Waik. Waliwapima kwa majaribio yanayotumika katika jamii nyingi duniani na wakakuta kwamba Waik ni wakarimu kama watu wengine, na kwamba wanathamini sana kugawana. Turnbull aliona njaa akaiita tabia. Alifika katika msimu mbaya wa maisha ya watu, akauandika kana kwamba ndio umbile lao. Mwaka 2016 Waik walimchagua Hillary Lokwang kuwa mbunge wao wa kwanza katika Bunge la Uganda, na leo mgeni anaweza kupanda Morungole pamoja na askari wa hifadhi na kuketi nao.

Kupanda huko hufanywa vizuri zaidi miezi mikavu, njia isipoteleza, na huanza alfajiri, kwani mlima huo unafika mita 2,750 na jua la mchana halina huruma. Lakini mwezi wowote utakaokwenda, uliza kwanza hali ya chakula ikoje. Kama ni miezi ya njaa, nunua asali, shanga na vibuyu kwa bei ya haki, lipa mwongozaji wa kijijini, na usimpige picha mtu bila idhini yake. Nenda ukijua kwamba unachokiona ni mwezi mmoja tu wa maisha ya watu wale.

Misimu hugusa pia usalama. Wizi wa mifugo huongezeka mifugo inapohamahama, na serikali iliendesha operesheni iliyopewa jina la Usalama kwa Wote kuanzia Julai 2021 ili kuwapokonya wachungaji silaha. Hali imekuwa tulivu zaidi tangu hapo, lakini barabara inayopitika leo inaweza kupewa tahadhari mwezi ujao. Ulizia njia yako kabla ya kuondoka, safiri mchana, na usibuni njia za mkato kwa kufuata ramani ya simu.

Kutoka Ntinda hadi Apoka

Ntinda ni mahali pazuri pa kuanzia safari hii. Barabara ya mzunguko ya kaskazini iko karibu, kupitia Kisaasi, Kiwatule au Naalya, na kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza huenda Bombo, Luweero, daraja la Karuma, Gulu na Kitgum, kisha huingia wilaya ya Karenga, iliyokatwa kutoka Kaabong mwaka 2019. Ni kama kilomita 570, na dereva anayetoka kabla ya mapambazuko hufika jioni. Ya pili huelekea Jinja, Mbale, Soroti na Moroto, halafu Kotido na Kaabong. Ni ndefu zaidi, lakini inampitisha mgeni katikati ya Karamoja na kumwonyesha mlima Moroto, wenye mita 3,083. Lami ya Soroti hadi Moroto imeirahisisha sana. Miezi ya mvua chagua ya Kitgum. Miezi mikavu, ukiwa na siku za kutosha, nenda kwa moja na urudi kwa nyingine. Jaza mafuta mji mkubwa wa mwisho unaoupitia, uwe na fedha taslimu, tairi mbili za akiba, na maji ya kunywa zaidi ya unayodhani utahitaji.

Sasa kalenda ya shule. Likizo ya Mei huangukia mwanzo wa mvua: nchi inapendeza, lakini kila kitu kinategemea bahati ya siku. Likizo ya Agosti na Septemba huangukia mvua iliyokolea. Wazazi wengi wa Kampala huichagua kwa kuwa huku kwetu Julai na mwanzo wa Agosti ni pakavu, na hilo ndilo kosa kubwa la upangaji ninaloliona. Mtoto anayekwenda Kidepo kwa mara ya kwanza asipelekwe Agosti. Atakaa siku nzima garini akitazama nyasi, na hataiomba safari hiyo tena. Apelekwe Murchison Falls au Ziwa Mburo, ambako barabara humruhusu mzazi kubadili mpango bila hasara kubwa.

Likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo iliyo sawa na Kidepo. Mvua imekwisha, maji yameanza kubaki Narus peke yake, joto bado halijafika kiwango cha Februari, na usiku kuna ubaridi unaohitaji koti jepesi. Familia inayoondoka baada ya Krismasi na kurudi kabla ya katikati ya Januari imechagua vizuri. Kasoro yake ni wingi wa wageni kwenye vitanda vichache vya Apoka na kambi za jirani, hivyo nafasi ziwekwe miezi kabla.

Nimalizie kwa kusema ninachokiamini bila kuzungukazunguka. Kwa safari ya kwanza, nenda mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari. Kwa wapenda simba na makundi makubwa ya nyati wanaostahimili joto, Februari. Kwa ndege na mandhari, Juni au Julai, kwa gari lenye nguvu na siku mbili za ziada. Kwa kutembea na kuzungumza na watu, Novemba, hata kama Ntinda inafurika. Na yeyote anayeweza, asiende mara moja tu: aende kiangazi, kisha arudi wakati wa mvua, ndipo aseme ameijua Kidepo.

Kabla ya kulipa chochote, shuka Kamwokya. Makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda yako barabara ya Kira, jirani na Jumba la Makumbusho la Taifa, mwendo mfupi kutoka Ntinda kwa boda boda. Waulize maji yako bonde gani wiki hii, barabara ipi inapitika, na mlima unapandika au la. Jibu lao ndilo likupangie tarehe.